Viti Sita Nyuma ya Cherehani

Kibao hakuna. Unapita kwa fundi Nalinga,
unaruka vipande vya kitenge sakafuni,
unainama chini ya pazia, umefika:
ubao mmoja wa mninga, viti sita,
na Mfaume Chilindima na kisu chake
ambacho mkewe haruhusiwi kukatia hata kitunguu.

Hufungua saa nne, samaki wakishapanda kutoka feri.
Elfu kumi na mbili. Unalipa, unanawa, unakaa.
Orodha ya vyakula usiulize.
"Hapa mteja hachagui," anasema. "Ananiachia."
Wajapani wana neno lake; alilipata melini,
miaka saba ya kuvua jodari mbali na nchi kavu,
kwa mpishi mmoja asiyejua salamu ya Kiswahili,
aliyemzaba kofi la mkono
kila alipofinya wali kwa nguvu.

Mimi nimetoka zamu ya usiku, Ligula.
Tangu saa mbili nimeulizwa:
Nesi, dripu imeisha, tufanyeje?
Nesi, huyu alale wapi, vitanda vimejaa?
Nesi, anataka uji, apewe au asipewe?
Nikajibu, nikajibu,
kama anayechota pipani
huku anasikia kopo linakwangua chini.

Basi nilishwe. Nisiulizwe.

Cha kwanza changu, mbichi, mwembamba
hata ua la sahani linaonekana kupitia nyama yake.
Nilisita. Sisi watu wa Newala, wa huko juu,
samaki tulimjua mkavu, ameshakunja uso kwa moshi.
Bibi yangu angesema: huyu hajafa vizuri.
Nikafumba macho. Ubaridi ukatua ulimini,
kisha siki. Siki ya nini hii?
"Mabibo," akasema, bila kuinua kichwa.
Mabibo!
Tuliyoyakanyaga shambani utoto mzima,
tukabeba korosho, yenyewe tukawaachia nzi.

Kisha ngisi, kachanjwa chale ndogondogo
kama mashavu ya bibi huyohuyo.
Kisha pweza. Kisha kaa, kijiko kimoja tu,
nikabaki natafuta kijiko cha pili kwa macho.
Kisha, nilidhani ananitania, ming'oko,
imechemshwa, imekatwa mviringo, imepakwa ufuta:
chakula cha miezi ya njaa
kimekalishwa sahanini kama mgeni rasmi.

Kijana wa bandarini, kushoto kwangu, akaomba pilipili.
Mfaume akamtazama.
Kijana akaomba radhi.

Cha saba kilipotua, simu ikatetemeka.
Swaumu, binti yangu.
"Mama, mchana tupike nini?"
Kila siku ya Mungu, swali hilo,
kama kwamba jibu nalificha sidiriani pamoja na hela.
Mkononi nina tonge la wali, mgongoni mwake jodari,
mwekundu kama kisigino cha mtoto aliyezaliwa alfajiri.
Nikasema, "Nakuachia wewe."
Kimya. Nikasikia jogoo wa jirani ndani ya simu.
"Chochote?"
"Nakuachia."
"Hata..."
"Swaumu, samaki wangu anapoa."
Na samaki alikuwa baridi tangu mwanzo.

Mfaume alisikia. Hakusema kitu.
Aliniongezea kijiko kimoja cha kaa.

Nilifika nyumbani saa saba, macho yamejaa mchanga.
Wali umeshika chini, dagaa hawana chumvi,
na juu ya kila sahani kipande cha embe
kilichokatwa kwa uangalifu wa kutisha.
Amesimama mlangoni, mikono nyuma,
ananitazama mdomo.

Nilikuwa nimeshiba.
Nikakaa, nikala.
Chumvi sikuomba.